Barua Yangu Iko kwa Seva ya Nani?

Kuna dirisha moja kwenye kompyuta ambalo watu hulichukia kabla ya kulijua. Unafungua programu ya barua pepe, iwe Thunderbird, Outlook, Evolution au Apple Mail, unaiambia unataka kuongeza akaunti, nayo inaanza kukuhoji. Seva ya kupokea inaitwaje? Poti nambari gani? Muunganisho ulindwe vipi? Seva ya kutuma je? Wengi wakifika hapo huguna, hulifunga hilo dirisha na kurudi kwa kivinjari au kwa simu, ambako barua huingia tu zenyewe bila maswali mengi.

Mimi nataka kulitetea hilo dirisha. Katika intaneti tunayoitumia kila siku, hapo ni pamoja ya mahali pachache palipobaki ambapo mtu wa kawaida bado anaulizwa swali la maana: barua zako ziko kwa nani, na unataka kuzifikia kwa njia gani? Wakubwa wa teknolojia wanazidi kutuondolea swali hilo, na kila wakituondolea wanasema ni kwa ajili yetu. Sisi nasi tunawaambia asante.

Tuanze na maswali yenyewe, manake yanatisha kwa sababu tu hakuna aliyewahi kukaa chini akatueleza. Kupokea barua na kutuma barua ni kazi mbili tofauti. Ya kutuma inafanywa kwa itifaki iitwayo SMTP, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka wa 1982. Ya kupokea inafanywa kwa POP, au kwa IMAP ambayo Mark Crispin aliibuni pale Chuo Kikuu cha Stanford mwaka wa 1986. POP huichukua barua kutoka kwa seva na kuileta kwako, na usipoiambia vingine inaweza kuifuta ile ya kule. IMAP huiacha barua kwa seva na kukuletea nakala, ndiyo maana ukisoma kwa laptopu, simu nayo inajua umeshasoma.

Poti ni kama nambari ya dirisha pale posta. Jengo ni moja, lakini stempu zinauzwa dirisha hili na vifurushi vinachukuliwa dirisha lile. IMAP iliyolindwa inapatikana dirisha nambari 993. SMTP iko 587 au 465. POP iliyolindwa iko 995. Jina la mtumiaji karibu kila mara ni anwani yako nzima, pamoja na ile alama ya katikati na kila kinachofuata. Kwa kalenda kuna itifaki iitwayo CalDAV, iliyochapishwa mwaka wa 2007. Hiyo inataka anwani moja ya wavuti, jina lako na nywila yako.

Basi. Ni hayo tu. Mkenya anayekumbuka kichwani nambari ya mita ya stima, nambari ya NHIF iliyokufa na nambari ya SHA iliyoirithi, hawezi kuniambia kwamba 993 imemshinda.

Jambo kubwa kuhusu itifaki hizi ni kwamba hazina mwenyewe. Maelezo yake yamewekwa wazi, na yeyote anaweza kuyasoma akaandika programu yake au akasimamisha seva yake. Ndiyo maana barua inatoka Yahoo inaingia Gmail, na kutoka Gmail inaingia kwenye anwani ya sacco ya kijijini yenye kikoa chake cha .co.ke, na hakuna anayeomba ruhusa ya mwingine. Sasa jaribu kutuma ujumbe wa WhatsApp kwa mtu ambaye yuko Telegram pekee. Haiendi. Tumezoea hivyo mpaka tunadhani ni kawaida ya dunia, kama mvua kunyesha kutoka juu. Si kawaida ya dunia. Ni uamuzi wa biashara.

Waliotutangulia walijua maana ya kutegemea mlango wa mtu mwingine. Nyanya yangu hakuwa na sanduku la posta. Barua zake zilikuja kwa S.L.P. ya shule ya msingi iliyokuwa karibu, zimeandikwa kwamba zimpitie mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu alimpa mtoto yeyote wa upande ule aifikishe. Kwa kawaida ilifika. Lakini mwalimu mkuu akihamishwa, au mtoto akiidondosha mtoni, au mtu wa ofisini akiamua kuifungua kwanza, nyanya hakuwa na la kufanya. Hakuwa na ufunguo. Watu wa rika lake waliojiweza walikodi sanduku lao wenyewe, na ule ufunguo mdogo waliutunza pamoja na kitambulisho na hati ya shamba.

Sisi wajukuu, pamoja na simu zetu za kugusa, tumerudi palepale pa barua ya kupitia kwa mtu. Ila mwalimu mkuu wa siku hizi yuko California au Redmond, na hatujui sura yake.

Nasema haya nikiwa na sababu. Niliacha chuo kikuu mwaka wa tatu. Karo ilishinda, nikafunga virago, hiyo ni hadithi ya wengi na sitaki kuirefusha. Wiki chache baada ya kuondoka, anwani ya barua pepe niliyopewa na chuo ikagoma. Nywila ni ileile, anwani ni ileile, lakini seva inajibu kwamba hainijui. Hakuna notisi iliyotangulia wala muda wa kuhamisha chochote. Sina ugomvi na kanuni kwamba anwani ya chuo ni ya wanachuo. Ugomvi wangu ni kwamba ndani ya anwani hiyo kulikuwa na vitu ambavyo havikuwa vya chuo kamwe: maoni ya mhariri aliyenichapisha mara ya kwanza, makubaliano ya malipo na wateja wangu wawili wa kwanza, na barua ndefu za rafiki aliyekwenda Doha kufanya kazi. Chuo kilifunga mlango wake, na mali yangu ikabaki ndani.

Kilichoniokoa ni lile dirisha. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimeunganisha ile akaunti na Thunderbird kwenye laptopu ya mtumba, na sababu haikuwa falsafa. Ilikuwa bando. Nilikuwa naenda maktaba palipo na Wi-Fi ya bure, naiacha programu ivute barua zote pamoja na viambatisho, halafu nazisoma chumbani usiku bila kutumia hata shilingi. Kila muhula ukiisha nilikuwa naburuta folda nzima kutoka kwa akaunti na kuiweka kwenye folda za laptopu yenyewe, ili akaunti isijae. Kwa hivyo akaunti ilipofungwa, barua zangu zilikuwa kwangu. Bado ziko. Mteja mmoja alipodai miezi baadaye kwamba hatukuwahi kukubaliana bei ile, nilimtumia nakala ya barua yake mwenyewe, pamoja na tarehe na saa. Alilipa.

Rafiki yangu tuliyeacha pamoja alikuwa anasoma zake kwa kivinjari. Yeye alipoteza kila kitu, pamoja na barua ya mhadhiri iliyomwahidi ujira wa miezi minne ya kukusanya data uwanjani. Mhadhiri akasema hakumbuki. Ukweli ni kwamba huyu jamaa ni mwerevu kunishinda, alikuwa ananifundisha takwimu. Tofauti yetu ilikuwa mahali barua zilipolala usiku.

Hapa niseme jambo moja kwa anayetaka kufuata njia hii, manake watu huchanganya. IMAP peke yake si hifadhi ya akiba. Ni kioo. Kikifutwa kitu kule kwa seva, programu yako ikiunganishwa tena itakifuta na kwako. Ukitaka barua iwe yako kweli, iburute hadi kwenye folda za kompyuta, zile ambazo hazimo chini ya akaunti yoyote, kisha uinakili hiyo hifadhi kwenye diski ya nje au flashi. Kazi yenyewe haimalizi dakika kumi. Waswahili walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na sijaona msemo unaoieleza akaunti ya bure vizuri kuliko huo.

Sasa tuwaangalie wanaotuazima. Tarehe 30 Mei 2022, Google iliacha kuziruhusu programu za nje kuingia kwenye Gmail kwa kutumia jina na nywila ya kawaida. Kuanzia Oktoba 2022, Microsoft nayo ilianza kuzima njia hiyo kwenye huduma yake ya barua za maofisini, na Septemba 2024 ikafanya vivyo hivyo kwa akaunti za kibinafsi za Outlook. Badala yake wanatumia OAuth: programu yako inafungua ukurasa wao, unaingia kule kwao, nao wanaipa programu kibali maalum. Google imeacha pia njia ya pembeni, nywila ya programu, lakini lazima kwanza uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Mtetezi wao atasema ni usalama, na hapo ana haki yake. Njia ya zamani ilikuwa na tatizo la kweli. Nywila moja ilifungua kila kitu, na mwizi akiipata alikuwa na barua, picha na akaunti nyingine zote zilizofungwa kwa anwani hiyo. Kwa OAuth, programu haiioni nywila yako, na kibali unaweza kukifuta siku yoyote bila kubadilisha chochote kingine. Mtu aliyewahi kuingizwa na wezi wa mtandao hawezi kulicheka hilo. Mimi mwenyewe naitumia, na nakushauri uitumie.

Lakini tazama kilichobadilika chini ya huo usalama. Zamani, kijana wa Kisumu akiandika programu yake ya kusoma barua, alihitaji kuijua itifaki tu. Siku hizi, ili watu wafungue Gmail kupitia programu yake, lazima ajisajili kwanza kwa Google, na kwa ruhusa pana za kusoma barua apite uhakiki wao. Akitaka kuhudumia watu wa Microsoft, ajisajili huko pia. Itifaki bado ni ya wote, ila mlangoni kumewekwa askari anayeuliza kampuni gani imekutuma. Usalama ulihitaji kufuli imara zaidi. Haukuhitaji kila fundi wa funguo awe na leseni ya mwenye nyumba.

Na si mara ya kwanza. Machi 2013, Google ilitangaza kwamba CalDAV, ile itifaki ya wazi ya kalenda, itabaki kwa washirika waliokubaliwa tu, wengine wote watumie njia ya Google yenyewe. Watu walilalamika, na kufikia Juni mwaka huohuo Google ikabatilisha uamuzi. Ndiyo maana leo bado unaweza kuifungua kalenda ya Google ndani ya Thunderbird. Hiyo kalenda unayoiona humo haikuletwa na ukarimu wa kampuni. Ililetwa na kelele za watumiaji. Kwa hivyo anayeniambia kelele hazisaidii, hiyo ndiyo hoja yangu.

Halafu kuna Outlook mpya. Hii ndiyo inayonikera zaidi. Programu ya barua kwenye kompyuta, kwa maana tuliyoijua, huzungumza moja kwa moja na seva yako. Uko Nakuru, seva yako iko kwa mwenye hosting wako, na kati yenu hakuna mtu wa tatu. Outlook mpya ya Windows haifanyi hivyo. Ukiiwekea akaunti ya IMAP ya kampuni nyingine, Microsoft yenyewe inaeleza kwamba nakala ya barua zako, kalenda na anwani za watu wako zitasawazishwa kati ya mtoa huduma wako na vituo vyake vya data. Maana yake, si laptopu yako tena inayobisha pale kwenye dirisha la 993. Ni seva zao zinazobisha, zikiwa zimebeba ufunguo wako. Mwaka wa 2023 jambo hili lilizua mjadala mkali Ujerumani. Kwetu lilipita kimya, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, tuna na ofisi ya kamishna wake.

Kusema kweli, haikufichwa. Kuna maandishi mafupi yanayokueleza, na chini yake kuna kitufe cha kuendelea. Lakini hebu fikiria wakili mdogo wa mjini aliyelipia kikoa chake na hosting yake hapahapa nchini, akidhani barua za wateja wake zinakaa pale alipolipia. Karani wake anabonyeza kitufe cha kuendelea kwa sababu kazi ni nyingi. Kuanzia dakika hiyo barua za wateja ziko mahali pawili, na wakili hajui. Mtu hawezi kulinda mahali asipojua pako.

Kuna watu watanijibu kwamba ninachotaka ni kuturudisha kwenye ugumu. Kwamba mama mboga hana wakati wa poti. Hapana, tusichanganye mambo. Kurahisisha ni kitu kizuri. Thunderbird ukiipa anwani yako, huenda yenyewe ikatafuta seva: inaangalia orodha ya watoa huduma inayotunzwa kwa ajili hiyo, na isipopata hubahatisha majina ya kawaida kama imap au mail mbele ya kikoa chako. Mara nyingi hujaandika chochote zaidi ya anwani na nywila. Ila ikishapata, inakuonyesha ilichopata: hii ndiyo seva, hii ndiyo poti, huu ndio ulinzi. Na pembeni kuna njia ya kubadilisha kwa mkono. Hiyo ndiyo heshima. Konda mzuri anakupeleka unakokwenda bila wewe kujua kuendesha gari, lakini gari lina vioo, unaona njia. Ninachopinga ni gari lisilo na madirisha.

Wengine watauliza nani bado anatumia barua pepe, si WhatsApp iko. Sawa. Basi niambie mkataba wako wa mwisho ulikuja kwa njia gani. Tuma ombi la kazi, tuma hadithi kwa jarida, fungua akaunti ya serikali mtandaoni, sahau nywila ya benki: yote yanarudi kwa barua pepe. Anwani hiyo ndiyo kitambulisho chako cha pili. Sisi tunaoishi kwa vibarua vya kuandika ndio tunajua zaidi, manake hatuna afisi, hatuna mwajiri wa kututetea, hatuna muungano. Tuna barua tu. Mteja akikana, barua ndiyo shahidi.

Na kalenda ni nyeti kuliko barua. Barua inasema ulichosema jana. Kalenda inasema utakuwa wapi kesho saa nne, na nani, na kwa nini. Inajua siku za kliniki, siku za mahakama na siku za kukutana na yule mtu ambaye hutaki ajulikane. Halafu kwa anayefanya kazi na watu wa ng'ambo, kalenda ndiyo inayolinda kazi yenyewe. Uingereza husogeza saa zake mwezi Machi na kuzirudisha Oktoba, sisi hatusogezi chochote. Mkutano wa saa nane mchana London unaangukia saa kumi kwetu Julai, na saa kumi na moja Desemba. Ukiandika kwa kidaftari utachelewa siku moja na kazi iende. Kalenda iliyounganishwa vizuri huandika mkutano pamoja na majira ya mahali pake, halafu hukupigia hesabu wewe uliye Nairobi. Kwa huduma inayozungumza CalDAV, hiyo kalenda inafunguka kwa programu yoyote nyingine inayoijua. Outlook ya zamani ya Windows, ile iliyojaa maofisini, haikuwahi kuijua CalDAV bila kuongezewa kipande cha programu kutoka nje. Itifaki ya wazi iko tangu 2007. Huko si kukosa uwezo.

Na kama faragha haikugusi, basi fikiria stima na nyaya. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ikazorota tena nchini. Siku kama hizo, anayetegemea kivinjari anakodolea ukurasa mweupe. Mwenye programu ya barua kwenye kompyuta anafungua barua zake zote za nyuma, anatafuta, anasoma mkataba, anaandika majibu matano na kuyaacha kwenye folda ya zinazosubiri. Mtandao ukirudi, hata kama ni kwa dakika tatu, zinaondoka zote kwa pamoja. Programu hizi zilibuniwa wakati simu za waya zilikuwa ghali na laini zilikatika ovyo. Kwa maneno mengine, zilibuniwa kwa ajili ya watu wa hali yetu.

Sasa, nani alipaswa kutufundisha haya? Tumesomeshwa kompyuta, si eti hatukusomeshwa. Vijana wengi wa kaunti zetu wamepitia zile kozi za pakeji baada ya kidato cha nne: Word, Excel, PowerPoint, na mwisho kabisa "intaneti na barua pepe". Lile somo la mwisho lilikuwa nini? Kufungua akaunti ya bure kwa kampuni moja, kuandika ujumbe, kubonyeza tuma. Cheti hicho. Hatukufundishwa barua, tulifundishwa duka. Ni kama kumfunza mtoto kwamba maji ni chupa ya aina fulani, halafu ushangae akifa kiu kando ya kisima.

Kwa hivyo nina madai, na nitayataja moja baada ya jingine ili mtu asiseme nalalamika tu.

Vyuo vikuu na taasisi zote zinazogawa anwani zichapishe wazi majina ya seva zao na poti zao, na ziache IMAP ikiwa wazi kwa wanafunzi badala ya kuizima. Na mtu akiondoka, kwa kuhitimu au kwa kushindwa karo, apewe miezi ya kuhamisha barua zake kabla ya mlango kufungwa. Mwenye nyumba hata akikufukuza kwa deni la kodi, sheria haimruhusu kuyala masufuria yako.

Walimu wa pakeji waongeze somo moja tu, la saa moja. Unganisha akaunti kwa mkono. Tuma barua. Tazama inapokaa kwenye diski. Iburute kutoka akaunti hii hadi nyingine. Mwanafunzi akishaona kwa macho yake kwamba barua zinaweza kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine kwa kuburuta folda, hatadanganywa tena kwamba kampuni ndiyo barua.

Nasi waandishi, wahariri, wapiga picha, watafsiri na wote tunaokula kwa vibarua, tuache kuishi kwa anwani za kuazima. Simwambii mtu asimamishe seva yake nyumbani. Hiyo ni kazi ngumu, na wakubwa huzitupa barua za seva ndogo kwenye taka. Nasema ulipie jina la kikoa liwe lako, uweke sanduku kwa mtoa huduma yeyote anayekupa IMAP na CalDAV, na ujue siku akikuudhi unaweza kuondoka na barua zako na anwani ileile. Kama huna kompyuta, Thunderbird iko kwa simu za Android tangu 2024, na maswali yake ni yaleyale. Hata ukibaki na Gmail, baki ukiwa na nakala. Google yenyewe ilitangaza kwamba kuanzia Desemba 2023 inaweza kuifuta akaunti ya kibinafsi isiyoguswa kwa miaka miwili. Kuna watu wamefungwa jela miaka zaidi ya hiyo. Kuna wagonjwa. Kuna marehemu ambao watoto wao wangetaka kusoma walichoandika.

Hilo la mwisho ndilo linanikosesha usingizi. Kizazi kilichotangulia kilituachia barua kwenye masanduku ya chuma, chini ya kitanda, zikiwa zimekunjwa na kunuka dawa ya nondo. Sisi tunaoandika kuliko kizazi chochote kabla yetu, tunaweza kufa bila kuacha hata moja, kwa sababu zote zilikuwa kwa mtu mwingine na yeye alikuwa na masharti yake.

Fungua hilo dirisha leo jioni. Andika jina la seva. Andika 993. Ngoja zishuke zote, hata za miaka kumi iliyopita, hata zile unazozionea haya. Halafu ziburute ndani, kwako.